Shika Hapa: maneno kwa watu wa kujitolea wanaojiandaa kuwapokea wakimbizi

Ndugu zangu,

Nawashukuru kwa kuniita, na nawashukuru zaidi kwa kilichowaleta hapa. Kila mmoja wenu ameandika jina lake kwenye orodha, akikubali kuwa rafiki wa mtu asiyemjua, mtu aliyekimbia kwao na kuacha karibu kila kitu. Nimeombwa niseme nanyi juu ya kiwewe, lile jeraha la akili linalobaki baada ya mtu kupitia mabaya. Mimi si daktari wa akili wala mshauri nasaha. Mimi ni mkalimani. Kwa miaka mingi kazi yangu imekuwa kukaa kati ya mkimbizi na afisa, mkimbizi na daktari, mkimbizi na wakili, nikichukua maneno ya huyu na kumfikishia yule.

Kuna kanuni moja ya kazi yetu ambayo wengi hawaijui. Mkalimani hasemi, "Anasema walimpiga." Husema, "Walinipiga." Mtu akisema nyumba yangu iliungua, nami nasema nyumba yangu iliungua. Nimewahi kusema kwa kinywa changu asubuhi moja kwamba nimemzika mwanangu kando ya njia, kisha mchana nikaenda kuwachukua wanangu shuleni, wazima, wakigombania begi. Ndiyo maana nathubutu kusimama mbele yenu. Maumivu hayo si yangu, lakini nimeyatamka mara nyingi kiasi kwamba najua yanavyokwama kooni.

Leo nataka kuwasimulia habari za watu wawili. Wa kwanza nitamwita Mgeni. Si jina lake, ingawa kwetu tunaosema Kiswahili wapo wanaoitwa hivyo tangu kuzaliwa. Ameniruhusu kusimulia haya, na tulikaa tukapitia lipi litoke na lipi libaki. Nchi yake inabaki. Yaliyompata yanabaki. Wa pili ni fundi wa baiskeli, naye nitamwita Fundi, kama wateja wake wanavyomwita.

Nilipokutana na Mgeni, chumba cha mahojiano kilikuwa na viti vitatu. Kabla ya kukaa alivipima kwa macho, akachagua kile kinachotazama mlango. Kilikuwa kiti cha afisa. Akaambiwa ahame. Akakaa kwenye kingine, upande upande, shingo imegeuka, na kwa zaidi ya saa mbili alijibu maswali yetu macho yake yakiwa kwenye kitasa cha mlango. Mtu akifunga kabati chumba cha jirani, mwili wa Mgeni uliruka kabla mwenyewe hajajua kwamba amesikia kitu.

Wahenga walishasema kwamba aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Madaktari walichelewa kulipa jambo hili jina rasmi. Ni mwaka 1980 tu ambapo chama cha madaktari wa akili wa Marekani kiliandika katika mwongozo wake kwamba hali hii ni maradhi yenye dalili zake: jinamizi, kushtuka, kukwepa chochote kinachokumbusha, na kumbukumbu inayokuja si kama jambo lililopita bali kama jambo linalotokea sasa hivi. Mwili una king'ora chake cha hatari. Kwa mtu wa aina hii king'ora kiliwashwa siku moja na hakikuzimwa tena. Si kwamba ni mwoga. Mwili wake umejifunza somo lililomwokoa, na bado unalirudia.

Sasa mtu huyo tunamfanyia nini? Tunamuuliza. Mpakani aliulizwa, kwenye uandikishaji aliulizwa, kwa daktari aliulizwa, kwa wakili aliulizwa, na mahojiano ya hifadhi yalikuwa ni kuulizwa kutwa nzima. Kila mara kisa kile kile, na kila mara tarehe zilisogea kidogo. Siku moja alisema waliokuja walikuwa wanne, siku nyingine akasema watano. Afisa akaandika. Niliiona kalamu ikisimama juu ya karatasi, nikajua amedhani amepata uongo.

Mwaka 2002 jarida la madaktari la Uingereza, BMJ, lilichapisha utafiti kuhusu jambo hili hili. Watafiti waliwahoji mara mbili wakimbizi kutoka Kosovo na Bosnia ambao tayari walikuwa wamepewa ruhusa ya kukaa Uingereza, watu wasio na sababu ya kumdanganya yeyote. Waliulizwa maswali yale yale kwa nyakati mbili tofauti, na majibu yao yalitofautiana. Kwa wale wenye kiwewe kikali, kadiri muda kati ya mahojiano ulivyokuwa mrefu ndivyo tofauti zilivyoongezeka. Jambo lililoingia kichwani kwa mlango wa hofu halikai kwenye rafu kwa mpangilio. Natamani utafiti ule usomwe na kila anayeshika kalamu kwenye vyumba vile.

Mgeni hakuwa ameusoma. Alichoona ni kwamba akisema anaandikwa, na kilichoandikwa kinamgeuka. Kwa hiyo maneno yakapungua. Mwanzoni alinipa sentensi, baadaye neno moja moja, mwishowe akawa ananitazama tu, nami sina cha kukalimani. Nyumbani alikopangiwa kulala na wenzake hakuzungumza na mtu. Kama mngemwona mngesema ni mkimya kwa tabia. Lakini mimi nilikuwa nimemsikia siku za mwanzo. Alikuwa msimuliaji hodari.

Niwape takwimu mbili tu, kwa sababu mtakutana nazo. Mwishoni mwa mwaka 2024 Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi lilihesabu watu milioni 123.2 duniani waliolazimishwa kuhama makwao, baadhi wakiwa bado ndani ya mipaka ya nchi zao. Na Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba katika maeneo yaliyopigwa na vita, mtu mmoja kati ya watano ana maradhi fulani ya akili. Tafadhali isomeni hesabu hiyo ya pili vizuri. Wanne kati ya watano hawana maradhi. Wana huzuni, wana hasira, wana usiku mrefu, lakini akili zao zinabeba mzigo wao. Msiende kumtafuta mgonjwa ndani ya kila mkimbizi mtakayekutana naye. Mgeni alikuwa yule mmoja kati ya watano.

Sasa Fundi.

Mgeni hakuweza kupanda basi. Milango ikijifunga nyuma yake alikosa pumzi. Alikwenda kwa miguu kila mahali, na njia yake ya kwenda kwa wakili ilipita mbele ya karakana ndogo ya baiskeli. Siku hiyo Fundi alikuwa na baiskeli ya mizigo imepinduliwa miguu juu, gurudumu la nyuma limepinda vibaya, na mikono miwili haikumtosha. Akainua kichwa, akamwona mtu anapita. Hakumjua, hakujua ametoka wapi. Akamwonyesha kwa kidole: wewe, njoo, shika hapa.

Mgeni akashika.

Aliniambia baadaye, na hili aliniomba nisilisahau kamwe nikisimulia, kwamba tangu avuke mpaka, miezi minane, watu walikuwa wamemuuliza, wamempima, wamempa nguo, wamempa fomu, wamempa pole. Hakuna hata mmoja aliyekuwa amemwomba kitu. "Mikono yangu," alisema, "ilikuwa ya kutia sahihi tu."

Walishughulika na gurudumu lile kama saa nzima. Mgeni alishika ringi isiyumbe, Fundi akakaza spoki hii na kulegeza ile, robo mzunguko, robo mzunguko. Fundi hakumuuliza jina. Fundi ni kiziwi tangu utotoni, na lile swali la kwanza la watu wote, unatoka wapi, halikuwa na njia ya kupita kati yao. Mimi wakati huo nilikuwa nimekaa ofisini kwa wakili, nimekasirika, nikihesabu dakika. Miadi ile ilimpita. Kesho yake alirudi karakanani, na keshokutwa.

Niliposikia kwamba Mgeni anashinda kwa fundi kiziwi nilishangaa, na nakiri kwamba niliona wivu kidogo. Mimi ndiye niliyekuwa na lugha zote mbili. Mimi ndiye niliyejua kisa chake chote. Iweje aende kukaa na mtu asiyeweza kusikia neno lake hata moja? Nilianza kupita pale, kwanza kwa kisingizio cha kumpelekea barua, na nilichukua muda mrefu kuelewa nilichokuwa nakiona. Naomba mnivumilie nieleze taratibu, maana hapa ndipo nilipojifunza mengi kuliko mahali pengine popote.

Kiziwi hawezi kusikia nyayo nyuma yake. Kila anayetokea ghafla mgongoni ni mshtuko. Kwa hiyo Fundi, maisha yake yote, amejipanga asishtukizwe. Meza yake ya kazi inatazama mlango. Ukutani ametundika kioo, ili akiwa ameinama aone anayeingia. Na kwa kuwa hapendi kushtukizwa, hamshtukizi mtu. Akitaka umtazame, anaingia kwanza mahali unapoweza kumwona, anapunga mkono, au anakanyaga sakafu ya mbao taratibu uhisi mtikisiko kabla hajafika. Mgeni alikuwa ameingia kwenye chumba cha kwanza, tangu kwao, ambacho kilikuwa kimepangwa kama yeye angekipanga. Watu wawili wanaolinda mlango, mmoja kwa uziwi, mwingine kwa hofu. Hakuna aliyehitaji kumweleza mwenzake kwa nini.

Kisha, kiziwi anasoma nyuso. Ndiyo masikio yake. Sisi wenye kusikia tunaweza kuzungumza na mtu huku tunatazama kwingine, tukaamini tumekuwa naye. Fundi hawezi. Kuna nyakati Mgeni alikuwa amekaa pale na hayupo, macho wazi, mkono umesimama hewani. Mimi nilikuwa nikiona ukimya tu. Fundi alikuwa akiona mtu ameondoka. Hakumtikisa. Alichukua spana, kitu kizito, baridi, akakipeleka polepole mbele ya macho ya Mgeni na kukiweka kiganjani mwake, kisha akaendelea na kazi. Baada ya muda vidole vilifunga. Wataalamu wa kiwewe nao hufundisha kumrudisha mtu kwenye wakati uliopo kwa kitu cha kugusa, kwa baridi, kwa uzito. Fundi hakufundishwa na mtu.

Na kuna siku ya tairi. Nilikuwepo. Tyubu ilikuwa imejazwa kupita kiasi, ikapasuka. Mlio wa tairi kupasuka ndani ya chumba kidogo mnaujua. Mimi mwenyewe nilipiga ukelele. Mgeni alikuwa chini ya meza kabla sijafunga mdomo, mikono juu ya kichwa, magoti kifuani. Nilianza kumwendea nikisema maneno ya kumtuliza, kwa lugha yake, kwa sauti nzuri kabisa. Fundi akanizuia kwa mkono. Yeye hakuusikia mlio. Alichoona ni mwenzake sakafuni. Akaketi naye sakafuni, si karibu, kama hatua tatu, upande ambao Mgeni akifungua macho angemwona. Akavuta lile gurudumu lililopasuka, akaanza kulitoa tairi. Hakumtazama sana. Alimwacha awe pale alipo bila aibu ya kutazamwa. Robo saa, labda zaidi. Kisha mkono wa Mgeni ukatoka chini ya meza, ukashika ukingo wa ringi upande wa pili. Wakalimaliza wakiwa wameketi vile vile sakafuni.

Nilirudi nyumbani siku ile nikiwaza maneno yangu yote mazuri.

Lakini kilichombadilisha Mgeni, kwa jinsi anavyosimulia mwenyewe, kilikuwa kitu kingine. Fundi ni hodari, akiweka vidole kwenye fremu na kuzungusha pedali anahisi hitilafu nyingi kwa mtikisiko. Ila zipo zinazolia tu, hazitikisiki. Mama mmoja alirudi mara tatu na baiskeli yake akilalamika kwamba inalia, na kila mara Fundi aliifungua, akaifunga, hakuona kitu. Mara ya tatu Mgeni alizungusha pedali mara mbili, akaonyesha kwa kidole: hapa. Wakafungua. Gololi moja ndani ya beringi ilikuwa na ufa.

Fikirini masikio yale. Ni masikio yaliyokuwa yakimwamsha saa tisa usiku kwa sababu mtu amefungua bomba ghorofa ya juu. Yaliyomfanya ashindwe kukaa darasani, ashindwe kupanda basi. Daktari aliyaandika kwenye faili kama dalili. Na mtu mmoja aliyahitaji. Tangu siku hiyo, baiskeli ikiletwa na malalamiko ya kelele, Fundi aliisukuma upande wa Mgeni na kukunja mikono, akingoja.

Mnaijua methali: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Nimeisikia ikitumiwa kama tusi, kumsimanga mgeni aliyekaa muda mrefu. Baada ya kuwaona watu hawa wawili siwezi tena kuisikia hivyo. Siku ya kwanza na ya pili unamtumikia, na ni haki yake. Siku ya tatu ukiendelea kumtumikia, unamwambia kwamba bado ni mtu wa nje. Kumpa jembe ni kumwambia shamba hili nawe linakuhusu. Mgeni alikaa miezi minane kwenye siku ya pili. Wapo wanaokaa miaka kumi. Mkataba wa Kimataifa wa Wakimbizi wa mwaka 1951, katika kifungu cha 17, unazungumzia haki ya mkimbizi kufanya kazi ya ujira, lakini serikali nyingi humzuia kufanya kazi mtu ambaye ombi lake bado halijajibiwa, na majibu hayaji upesi. Mgeni hakuwa na kibali. Fundi hakumwajiri wala kumlipa. Mgeni alimshikia gurudumu kama mtu anavyomshikia jirani ngazi. Hata hivyo nimeona kwa macho yangu kwamba kungoja huku mikono imekunjwa ni jeraha la pili, na utafiti haunipingi. Mwaka 2005 watafiti wawili walikusanya pamoja tafiti zilizohusisha watu zaidi ya 67,000, wakaona kwamba hali ya akili ya mkimbizi haitegemei tu vita alivyovikimbia. Inategemea pia anapolala sasa na kama anaruhusiwa kujitafutia riziki.

Najua mmoja wenu anawaza: lakini je, asipozungumza juu ya yaliyompata, si yatamwoza ndani? Ni swali la haki. Kuna wakati wataalamu wengi waliamini hivyo, kwamba mara baada ya janga kila mtu akalishwe chini asimulie yote, kikao kimoja, auteme uchungu. Tafiti zilipopimwa pamoja ikaonekana kwamba vikao hivyo vya mara moja havizuii kiwewe, na Shirika la Afya Duniani sasa linashauri visitumike. Mwongozo wake wa huduma ya kwanza ya kisaikolojia wa mwaka 2011 unasema wazi kwamba mtu asishinikizwe kusimulia.

Hilo halina maana kwamba kusimulia hakuponyi. Kunaponya, kukiwa na mpangilio, na mtu aliyefundwa, na kwa hiari. Katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, watafiti waliwafundisha wakimbizi wenyewe, watu wasio madaktari, kuwasaidia wenzao kutoka Rwanda na Somalia kuyapanga maisha yao yote kama simulizi moja yenye mwanzo na mwendo, mazuri na mabaya, mpaka lile tukio baya likapata mahali pake ndani ya miaka mingine. Matokeo yalichapishwa mwaka 2008, na dalili za kiwewe zilikuwa zimepungua. Zimbabwe, daktari wa akili Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 kuwafundisha akina bibi kukaa kwenye benchi na watu wanaosumbuliwa na kile Washona wanachokiita kufungisisa, kuwaza kupita kiasi. Ilipopimwa kwa utafiti, matokeo yakachapishwa mwaka 2016, waliokaa na bibi walikuwa na nafuu kubwa kuliko waliopata huduma ya kawaida. Nalipenda benchi lile. Bibi na mgonjwa wanakaa usawa mmoja, hakuna meza katikati. Na Sierra Leone, watafiti waliowafuatilia kwa miaka mingi watoto waliotumikishwa vitani waliona kwamba kupokewa na jamii kulikwenda pamoja na nafuu yao, hata kwa waliokuwa wamepitia mabaya mno.

Kwa hiyo kazi ya mtaalamu ipo, na si yenu. Nasema hivi kwa sababu namjua Mgeni. Alikuwa amepangiwa mshauri nasaha mara tatu na mara tatu hakwenda. Mara ya nne Fundi alifunga karakana mchana, akakokota baiskeli kando yake njia nzima, akakaa nje kwenye ngazi kwa saa nzima. Juma lililofuata hivyo hivyo. Mgeni alimsimulia mshauri mambo ambayo Fundi hayajui hadi leo. Urafiki haukuchukua nafasi ya tiba. Ulimfikisha mlangoni, ukamngoja.

Na msidhani ilikwenda vizuri moja kwa moja. Kuna majuma matatu Mgeni alipotea. Hakufika karakanani, hakufungua mlango wa chumba chake. Ilikuwa mwezi ule ambao mambo yale yalimpata, miaka iliyopita. Mwili una kalenda yake. Fundi aliumia. Nilimwona akitazama kioo kila kivuli kikipita. Alidhani amemkosea. Aliporudi, Mgeni hakueleza, na Fundi alikuwa na haki ya kukasirika, akakasirika, akampa mgongo siku nzima. Kwa kiziwi kukupa mgongo ni kukufungia mlango. Kesho yake akampa spana. Mtapotewa hivyo ninyi pia. Mtangoja simu isiyopigwa, mtaona hamkupewa hata shukrani. Kaeni na hasira yenu kidogo, kisha rudini mahali pale pale, saa ile ile. Mtu ambaye kila kitu chake kiliondoka bila kuaga anahesabu mara ngapi umerudi. Na kama siku fulani hutakuja, mwambie mapema kwamba hutakuja.

Nimemsema Mgeni mno. Fundi naye alipata nini? Kuna methali nyingine, mgeni njoo mwenyeji apone, ambayo tunaikariri bila kuifikiria. Fundi alikuwa mwenyeji mwenye kila karatasi ya uenyeji, na alikuwa mpweke kwa kiasi ambacho mimi niliyeishi jirani naye miaka yote ile sikuwahi kukiona. Watu walimwandikia kwenye kijikaratasi: lini itakuwa tayari. Au walimpigia kelele, kana kwamba uziwi ni umbali. Hakuna aliyekuwa na saa nzima ya kujifunza ishara zake. Mgeni alikuwa na saa. Alikuwa na miezi. Na hakuwa na lugha ya wenyeji, kwa hiyo kwake ishara hazikuwa lugha ya pili ya kujisumbulia, zilikuwa lugha ya kwanza ya mahali pale. Fundi alimfundisha lugha ya alama, na kwa vitu ambavyo Mgeni pekee alivijua wakabuni zao. Wana ishara yao ya "inalia lakini haitikisiki." Wana ishara ya usiku mbaya: kiganja kinapita mbele ya uso na hakifiki kidevuni. Asubuhi Mgeni akiifanya, Fundi anampa kazi za mikono tu, zisizo na mlio.

Mkienda nyumbani na neno moja langu, liwe hili: tafuteni kitu mnachokihitaji kwa kweli kutoka kwa mtu mtakayepangiwa. Kisiwe cha kujifanya, atajua. Amesoma nyuso za watu kwenye vizuizi vya barabarani, uso wako hautamshinda. Kama huwezi kupanda ngazi ukiwa na mzigo, mwombe akubebee. Kama anaujua ushonaji nawe una vazi limechanika, mpelekee. Usimuulize alikotoka. Siku akitaka kusema atasema, labda si kwako, na hilo lisikuumize. Ukiingia chumbani mwachie kiti kinachotazama mlango.

Majibu ya Mgeni yalikuja mwaka uliopita. Alipewa hifadhi. Siku ya mahojiano ya mwisho afisa mwingine alimuuliza kama ana mtu yeyote nchini, nami nikakalimani, na kwa mara ya kwanza tangu tufahamiane Mgeni aliongea bila kupumzika kwa dakika kumi, na sehemu kubwa ya maneno yake ilikuwa juu ya beringi. Sikujua nusu ya majina ya vyuma vile. Ilibidi nimuulize.

Sasa hanihitaji tena, lugha ameipata. Mwezi uliopita mimi ndiye niliyemwendea, na baiskeli yangu, inalia tangu mvua zianze. Aliipindua miguu juu, akaketi kwenye kigoda, akazungusha gurudumu la mbele na kuinamisha kichwa. Fundi alikuwa upande wa pili wa meza, anatia kiraka kwenye tyubu, uso umeelekea mlangoni. Mgeni akauacha mzunguko upungue wenyewe. Ili asikie vizuri, akafumba macho. Mgongo wake ulikuwa umeupa mlango.